Mikono inayojua chai: data yake itakuwa ya nani?

Ukisimama kwenye njia panda ya Kaplong, makanga wanakuitia pande tatu: Kericho, Bomet, Kisii. Panda ya Kisii, endelea mbele mpaka Migori, na utakuwa umeingia kaunti ambako shule moja ya watoto wenye mahitaji maalum ilijaribu glavu inayoongea. Aliyeiunda ni Roy Allela, mhandisi Mkenya ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na kitu tu. Ana mpwa ambaye hasikii, na familia haikujua lugha ya ishara. Allela akachukua glavu, akaweka vihisi kwenye vidole, akaiunganisha na simu kwa Bluetooth. Mtoto akipiga ishara, programu kwenye simu inatamka.

Glavu hiyo, Sign-IO, ilimletea tuzo ya ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, mwaka wa 2017. Mwaka wa 2019 akawa miongoni mwa wawaniaji wa Tuzo ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Habari ikasambaa, tukapiga makofi, tukaituma kwa vikundi vya WhatsApp, halafu tukarudi kwa shughli zetu. Ndiyo kawaida yetu na uvumbuzi wa nyumbani: siku mbili za sifa, kisha kimya.

Tunaurudisha mjadala kwa sababu teknolojia iliyo ndani ya glavu ile haiwezi kubaki darasani. Mashine zinafundishwa kugusa. Na kama kuna mahali Kenya ambapo mguso wa mkono ndio mshahara, ndio karo, ndio bonasi ya mwisho wa mwaka, ni hapa kwenye mashamba ya chai ya Bomet na Kericho.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu kihisi chenyewe, maana watu wengi hudhani ni uchawi wa maabara. Chukua penseli laini, ile nyeusi sana ya kuchorea, upake mstari mnene kwenye kipande cha karatasi. Omba multimita kwa fundi wa redio, uiweke kwenye kipimo cha ukinzani, kisha ushike ncha mbili za ule mstari. Sasa ikunje karatasi taratibu. Namba itabadilika. Risasi ya penseli ina grafiti, grafiti inapitisha umeme, na ukiipinda chembe zake zinaachana au zinakaribiana. Hapo umeunda kihisi cha kupinda kwa bei ya penseli. Ukanda unaowekwa kwenye kidole cha glavu unafuata wazo hilohilo, ila umetengenezwa kwa ustadi zaidi ili udumu.

Kioo cha simu yako kinatumia njia nyingine. Hakisikii uzito wa kidole, kinasikia umeme kidogo unaohifadhiwa kati ya kioo na ngozi yako. Ndiyo maana ukivaa glavu ya kawaida simu inakupuuza, na mvua ikikunyeshea inaanza kujibonyeza yenyewe kama imepagawa.

Kazi ngumu iko kwenye neno “laini”. Ngozi ya binadamu inaweza kunyooka kwa asilimia 30 hivi bila shida. Kipande cha silikoni kilicho ndani ya chipu ya kompyuta huvunjika kikivutwa kwa takriban asilimia moja tu. Kwa hivyo ukitaka kifaa cha kuvaa kinachofuata goti, bega au kifundo cha mkono, huwezi kubandika chipu ngumu ukatarajia ikae. Wahandisi wa vyuo vikuu wamekesha juu ya tatizo hili kwa zaidi ya miaka 20. Katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Takao Someya na wenzake walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 karatasi ya kielektroniki inayopinda na kuhisi mkandamizo. Mwaka wa 2017 kundi hilo likatoa wavu mwembamba ajabu wa nyuzi zenye dhahabu, unaobandikwa kwenye ngozi kwa kunyunyiziwa maji kidogo. Watu 20 walioujaribu walikaa nao wiki nzima bila ngozi kuvimba, kwa sababu jasho na hewa vinapita.

Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Profesa Zhenan Bao ametumia miaka mingi kuunda ngozi ya kielektroniki: plastiki zinazonyooka, nyingine zinazojiponya zikikatika. Mwaka wa 2023 kundi lake lilieleza jinsi ngozi hiyo ilivyounganishwa na ubongo wa panya. Ngozi ikibonyezwa, mguu wa panya unatikisika, na ukibonyeza kwa nguvu zaidi unatikisika zaidi. Lengo kubwa ni siku moja mtu mwenye mkono bandia ashike kikombe cha chai na ajue kina moto kabla hajajichoma.

Wengine wanatumia metali ya majimaji. Mchanganyiko wa galiamu na indiamu hubaki kimiminika hata nyuzi joto 16. Unaumimina kwenye mifereji midogo ndani ya mpira, mpira ukivutwa mfereji unakuwa mrefu na mwembamba, na ukinzani unapanda. Safi sana, mpaka ukumbuke kwamba chini ya nyuzi 15 hivi mchanganyiko huo unaweza kuganda. Asubuhi ya Kericho inajulikana. Mwili wa mvaaji utaupasha, na ipo michanganyiko mingine inayostahimili baridi, lakini unaona jinsi swali linavyobadilika mara tu unapolitoa maabara na kulileta huku kwenye ukungu na matope.

Haya, tuje shambani.

Mchumaji mzoefu hatazami kila jani. Mkono unaenda mbele ya macho. Unatafuta majani mawili na chipukizi, unaacha lililokomaa, na kidole kinajua shina linalokatika kwa mlio laini na lile lililoshupaa. Anafanya hivyo maelfu ya mara kwa siku, mikono miwili kwa pamoja, akirusha nyuma ndani ya kikapu bila kugeuka. Kiwandani pia mguso una cheo chake: fundi wa zamani hushika ngumi ya majani yaliyonyaushwa, akayafinya na kuyaachia, na kwa jinsi yanavyofunguka anajua kama unyevu umetoka wa kutosha. Macho ya kiwanda tayari yameanza kupata mwenzao wa kidijitali. Mwaka wa 2020 watafiti kutoka vyuo vikuu vya Moi na Rwanda walichapisha mfumo unaotumia picha kutambua chai iliyochacha ipasavyo. Mkono bado haujapata mwenzake.

Mashine zilizopo za kuchuma hazina mguso wowote. Ni visu. Zinapita juu ya kichaka na kukata kila kilichosimama, kigumu na chororo pamoja. Hata hivyo zimeshinda kwa bei, na sote tunajua ilivyokuwa. Machi 2023 kikosi kazi kilichoundwa na kaunti ya Kericho kilisema nafasi 30,000 za kazi zilikuwa zimepotea kwa miaka kumi kwa sababu ya mashine, kikapendekeza asilimia 60 ya chai ichumwe kwa mashine na 40 kwa mkono. Miezi miwili baadaye, Mei, mashine tisa zikateketezwa kwenye mashamba ya kampuni ya Ekaterra na mtu akapoteza maisha. Kuchoma mashine hakukurudisha kazi hata moja. Lakini anayesema vijana wale walikuwa wahuni tu hajawahi kuamka akakuta kazi ya mama yake imebebwa na injini ya petroli bila mtu kumwambia neno.

Kinachotusumbua ni awamu inayofuata. Mashine yenye vidole laini vinavyohisi, inayochagua chipukizi na kuacha jani kuukuu, haiko Sotik leo wala kesho. Ila maabara za roboti duniani kote zinakusanya mienendo ya mikono ya binadamu ili kuzifundishia roboti, na mojawapo ya njia ni kumvisha mtu glavu yenye vihisi afanye kazi yake kama kawaida. Siku itafika mradi fulani utakuja na glavu nzuri, fulana za bure na posho ya chakula cha mchana, uwaombe akina mama 50 wachume kwa wiki mbili. Watachuma. Ujuzi wa miaka 30 utaingia kwenye faili, faili litasafiri, na hakuna atakayerudi.

Si porojo. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuchambua maandishi ya kutisha ili kusafisha mifumo ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwaka huohuo wasee walipanga foleni KICC kupigwa picha za mboni na Worldcoin kwa tokeni zilizokuwa na thamani ya takriban Sh7,000, hadi serikali ilipoisimamisha mwezi Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data hiyo ifutwe. Mkono wa mchumaji ni mboni nyingine tu, tena wenye ujuzi ndani yake.

Je, basi tufunge mlango? Hapana. Msimamo wetu ni kinyume kabisa: teknolojia hii iingie mashambani mapema, lakini iingie kwanza upande wa mchumaji. Na kazi yake ya kwanza iwe mgongo.

Zaidi ya wafanyakazi 1,000 wa mashamba ya James Finlay Kenya walipeleka madai yao hadi Edinburgh, kwenye Mahakama ya Session ya Uskoti, kwa kuwa kampuni hiyo ilisajiliwa huko. Walidai kubeba mizigo ya majani kwenye miteremko kwa saa nyingi kuliwaharibu migongo. Kampuni ilipinga. Julai 2023 jaji akasema mahakama hiyo ina uwezo wa kusikiliza, lakini kabla ya mwaka kwisha majaji wa rufaa wakaisimamisha kesi, wakitaka madai yapitie kwanza utaratibu wa Kenya chini ya sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007, ile WIBA.

Hatuingilii nani yuko sahihi kwenye kesi hiyo. Tunataka uangalie jambo moja: mgongo hauvunjiki siku moja. Ukikatwa na panga kuna damu, kuna shahidi, kuna tarehe. Mgongo unakwisha polepole kwa miaka 15, na siku unapogoma unaulizwa swali ambalo huwezi kulijibu: ulibeba kilo ngapi, ukiinama mara ngapi, kwenye mteremko gani? Karani wa kituo ana rekodi ya kilo zako, maana hizo ndizo zinazolipwa. Hana rekodi ya ulivyozibeba.

Hapo ndipo kihisi laini kina maana kuliko saa ya kuhesabu hatua ya kijana wa Kilimani. Fulana nyepesi yenye kanda mbili za kunyooka kando ya uti wa mgongo inaweza kuhesabu kila kuinama na kwa pembe gani. Vipande vya kuhisi mkandamizo chini ya kamba za kikapu vinaweza kuonyesha uzito ulioning'inia begani na kwa dakika ngapi. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji uvumbuzi mpya. Watafiti wa afya ya kazi wameshavisha vifaa vya aina hiyo wahudumu wa maghala na wauguzi. Mwaka mmoja wa rekodi hizo mkononi mwa mchumaji ni ushahidi mbele ya daktari, mbele ya afisa wa usalama kazini, na ikibidi mbele ya hakimu.

Lakini fulana hiyohiyo, ikisomwa na mtu mwingine, ni nyapara aliyekushikamana na ngozi. Itajua ulipumzika saa ngapi. Itajua ulienda msalani dakika ngapi. Itajua kwamba leo unachuma polepole kuliko jana, pengine kwa sababu una mimba ambayo hujamwambia mtu. Msimamizi akiipata hiyo grafu, kiwango cha kilo kitapanda, na wa kwanza kuachishwa ni yule ambaye mgongo wake umeanza kulia. Kifaa kilichotengenezwa kukulinda kinakuwa barua yako ya kufutwa kazi. Mlango ni uleule, tofauti ni nani ana ufunguo.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasaidia, tusijifanye hatuna kitu. Inaihesabu habari ya afya kuwa data nyeti. Inakupa haki ya kuiona data yako, ya kuichukua uende nayo kwingine, na ya kutoamuliwa jambo kubwa na mashine peke yake. Inataka pia idhini itolewe kwa hiari. Sasa niambie, hiari ya mama anayeishi kwenye nyumba ya kampuni, watoto wako shule iliyo ndani ya shamba, ni hiari ya aina gani anapopewa fomu ya kutia sahihi saa kumi na mbili asubuhi? Sheria imeandikwa kama vile mtu ana pa kwenda.

Kuna jambo la pili ambalo vijana wa uhandisi wasilikubali kirahisi: vifaa vilivyopimwa kwenye miili ya wengine. Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kilikosa kugundua upungufu hatari kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Weupe. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika hospitalini kwa miongo. Na ni nani asiyejua jinsi mashine za alama za vidole zinavyowasumbua wakulima na wajenzi, ambao kazi imewafuta mistari ya vidole? Mkono uliochuma chai miaka 20 una sugu, una rangi ya utomvu, una nyufa. Kihisi kilichofundishwa kwenye mikono ya wanafunzi wa chuo huko ng'ambo kitaukataa.

Historia ya glavu za ishara zenyewe ina funzo hapa. Mwaka wa 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington walishinda tuzo kubwa kwa glavu ya kutafsiri ishara, SignAloud, na dunia ikashangilia. Wasomi na jamii ya viziwi hawakushangilia. Walisema lugha ya ishara haiko kwenye vidole tu. Iko usoni, kwenye nyusi, mabegani. Wakauliza pia kwa nini kiziwi ndiye abebe mzigo wa kuvaa mtambo ili anayesikia asisumbuke kujifunza. Ukosoaji huo unaigusa glavu yoyote, hata ya kwetu, na Katiba yetu ya 2010 inaihesabu Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, si mafumbo ya kutafsiriwa na simu. Ila Allela alifanya jambo moja ambalo wengi hulikwepa: alikaa na watumiaji. Kutokana na watoto wa Migori alijifunza kwamba kuna wanaopiga ishara haraka na wengine taratibu, akaiweka hiyo kwenye programu. Akafikiria hata glavu ya Spider-Man, ili mtoto asionekane mgonjwa bali aonekane mjanja.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Chuo cha Kabianga, wa Bomet, wa Dedan Kimathi, mradi wako wa mwaka wa mwisho hauko mbali. Usitengeneze tena mfumo wa kufungua mlango kwa simu, tumeona kumi. Fika kituo cha kununulia majani siku ya mavuno, uketi kando, uangalie. Muulize mama mchumaji anaumwa wapi kwanza, saa ngapi, siku gani. Utagundua fulana yako lazima ipite mvua ya saa tisa, ioshwe kwenye karai kwa sabuni ya mche, isichome jua likiwaka, na ichajiwe kwenye nyumba ambayo huenda stima imepotea tangu jana. Na bei yake isizidi ya gamboti. Maabara ya Tokyo haina masharti hayo, na ndiyo maana jibu halitatoka Tokyo.

Kwa wenye viwanja vidogo hali ni tofauti kidogo. Wakulima zaidi ya 600,000 wanaouza kupitia KTDA ni wenye viwanda kwa hisa, na chai yao inasifiwa kwa sababu ya kuchumwa kwa mkono. Hao hawana mwajiri wa kumwogopa. Wana bodi wanazozichagua. Viwanda kama Kapkoros na Mogogosiek vinaweza kuanza na majaribio madogo bila kuomba ruhusa London wala Colombo. Bado wapo vibarua wanaowachumia wakulima hao kwa kilo, ambao hawana hisa wala kura, na hatutaki wasahaulike eti kwa sababu mwajiri wao ni jirani.

Kwenye mashamba makubwa njia iko moja, nayo ni mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, na waajiri. Mikataba hiyo imezoea kuzungumzia mshahara, nyumba na likizo. Duru ijayo iongezwe kifungu kifupi: kifaa chochote kinachovaliwa mwilini ni cha hiari na kukikataa hakupunguzi kazi wala malipo, data ghafi inakaa kwenye simu ya mfanyakazi au kwa mtu aliyemchagua mwenyewe, mwajiri anapata jumla ya shamba zima bila majina, mwendo wa mkono wa mchumaji hautumiki kufundishia mashine mpaka yeye na chama chake wakubaliane kwa maandishi kuhusu malipo, na malipo hayo yaendelee kadiri mashine inavyoendelea kuchuma.

Kampuni zitasema hilo la mwisho haliwezekani. Wauzaji wa mbegu na wa programu za kompyuta wanalipwa hivyo kila mwaka.